Katupa chupa dirishani: umwambie nini, na umwambie nani

Watu wakishajua kwamba kazi yangu ni afya ya mazingira, wengi huziruka habari za vyoo na kipindupindu wakaniuliza hili: "Bibi afya, mtu akitupa taka mbele yangu nimfanye nini?" Anayeuliza huwa keshapata jibu lake moyoni, anachotaka kwangu ni ruhusa ya kugomba. Ruhusa hiyo huwa siitoi. Siwahurumii watupa taka hata kidogo, ila nimeshuhudia ugombaji mwingi na najua unaishia wapi.

Chukua daladala ya Mbagala kwenda Kariakoo, saa saba mchana, joto, foleni haisogei. Abiria wa dirishani kamaliza maji, mkono unatoka nje, chupa inadondokea mtaroni. Nyuma yake mtu anapaza sauti: "We kaka, huna ustaarabu?" Jibu linakuja bila kuchelewa: "Kwani barabara ya baba yako?" Gari zima linacheka, na ukisikiliza vizuri, linacheka pamoja na yule aliyetupa. Wenye kicheko hicho nao hawapendi uchafu, wengine wametoka asubuhi hiyo hiyo kufagia uwanja. Lakini kosa la chupa limeshageuka kuwa kesi ya heshima. Uso umeumbwa na haya: aliyevunjiwa heshima mbele za watu huitetea heshima yake kwanza, na chupa haizungumziwi tena. Kesho atatupa nyingine, safari hii kwa makusudi.

Wakati mzuri wa kusema ni kabla chupa haijatoka mkononi. Mtu anayetaka kutupa huonekana. Anaibinya ile chupa, anachungulia chini ya kiti, anatazama mlangoni kwa konda, anatafuta pa kuiweka na hapaoni. Hapo ndipo unamwambia, kwa sauti ya kumfikia yeye peke yake: "Kaka, nipe niiweke humu, nikishuka naitupa mimi." Mimi hutembea na kimfuko cha kazi hiyo kwenye mkoba. (Zamani rambo lilikuwa ndilo pipa la taka la kila abiria. Tangu mifuko ile ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, marufuku niliyoifurahia, watu wamebaki na maganda ya ndizi mkononi na hawajapata mbadala wake.) Sijamuona anayekataa kwa ukali. Wapo wanaosema, "Acha dada, nitaishika mwenyewe," nami huliona hilo ni jibu zuri kupita lile la kunipa.

Akishatupa, na mko kwa miguu, kuna maneno ya zamani ambayo bado yanafanya kazi: "Samahani dada, umedondosha kitu chako." Yanamwachia mlango wa kutokea. Anaweza kujifanya kweli imemdondoka, akainama, akaokota, mambo yakaisha. Ila toni ndiyo yenye kazi yote. Ukiyasema kwa kejeli, kila mtu anaisikia, na umerudi kwenye barabara ya baba yako.

Kwa mtu mzima aliyekuzidi umri, usijaribu hata hayo. Kijana hamsahihishi mama wa rika la mama yake njiani halafu akategemea kusikilizwa. Mpe shikamoo, inama, okota mwenyewe, na kama pana la kusema liwe "Nakusaidia, mama." Najua wapo wanaoniambia huko ni kumdekeza. Pengine. Lakini mara nyingi hapo hapo yule mama huanza kujieleza, kwamba hakuona pipa, na anayejieleza ameshakubali kwamba lilikuwa kosa.

Lakini watu wengi wanakosea mapema zaidi, hata kabla ya kuchagua maneno, kwa sababu wanamfuata mtu asiyehusika. Kila mahali pana mwenyewe, hata kama hati hana. Daladala ni ya konda mpaka jioni. Kijiwe cha bodaboda kina mwenyekiti wake. Kivuli cha mwembe penye mabenchi ni cha mama lishe, na akisema "Hapa kwangu sitaki mifupa chini," hakuna anayemuuliza kwani pa baba yake. Neno lako wewe mpita njia ni maoni tu. Neno la konda ni amri ya garini: anayekaidi anaambiwa ashuke. Kwa hiyo nenda kwa konda, tena gari likiwa stendi linasubiri zamu, usimfuate wakati anagawa chenji. Mwambie aweke ndoo mlangoni. Konda huosha gari usiku na anachukia maganda ya karanga kuliko unavyochukia wewe, hivyo hutatumia nguvu nyingi.

Hiyo ndoo ina faida nyingine: gari likiwa safi, usafi wenyewe huwazuia watu kutupa, na hapa nitaomba kuingia kidogo kwenye utafiti. Mwaka 1990 Robert Cialdini wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha majaribio waliyofanya kwenye maegesho ya magari. Waliwabandikia watu vipeperushi kwenye vioo vya magari yao wakatazama watavifanya nini. Sakafu ikiwa safi, asilimia 14 walikitupa chini. Sakafu ikiwa imeshatapakaa karatasi, asilimia 32. Kisha wakaongeza mtu wao wa kupita mbele ya mwenye gari na kutupa karatasi waziwazi. Penye uchafu, waliotupa wakapanda hadi asilimia 54. Penye usafi wakashuka hadi asilimia 6.

Isome tena hiyo ya mwisho. Mtu mmoja akichafua mahali safi, wanaomwona wanakuwa waangalifu zaidi kuliko kama asingetupa kabisa, kwa sababu lile karatasi moja linapiga kelele. Akichafua mahali pachafu anaonekana mwenyeji anayefuata desturi. Ndiyo maana nikiitwa kwenye mtaa kusema na watu kuhusu utupaji ovyo, huomba kwanza pafagiliwe, mazungumzo yaje baada ya hapo. Kumkemea mtu amesimama juu ya lundo la taka ni kujichosha, kwa kuwa lundo lenyewe linamjibia.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi kuliko chupa zote za daladala. Wakazi wa mabondeni Dar es Salaam wanalijua: mvua kubwa ikianza usiku, magunia ya taka yanafunguliwa mtaroni, na baadhi ya nyumba hutoboa vyoo ili maji ya mvua yabebe kilichomo. Wenyewe wanaita kutapisha choo. Kinachotoka kinashuka kuelekea mto Msimbazi, na Msimbazi ukijaa unakipandisha eneo la Jangwani, unakiingiza visimani na jikoni kwa watu. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam Agosti 2015 kikasambaa mikoani hakihitaji njia nyingine zaidi ya hiyo.

Huyu usimkabili peke yako usiku. Yuko gizani, ana aibu, ana jembe mkononi, na anajua anachofanya ni kosa. Nenda asubuhi kwa mjumbe, kisha ofisi ya serikali ya mtaa. Taja nyumba na saa, acha kutaja tabia za mwenye nyumba na ugomvi wenu wa mpaka. Afisa afya anayo mamlaka chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 ya kuingia, kukagua na kutoa notisi, na notisi iliyoandikwa humwingia mtu kuliko matusi ya jirani.

Hata hivyo, nikifika kwenye nyumba hizo swali langu la kwanza huwa ni kwa nini. Mara nyingi jibu liko wazi. Gari la kunyonya maji taka halipiti kwenye kichochoro, mpira wake haufiki, na shimo limejaa tangu vuli. Au mkokoteni wa taka umeacha kuja na pesa ya taka bado inadaiwa. Notisi yangu haichimbi shimo. Kwa hiyo mazungumzo ya maana ni ya Februari, kabla ya masika: wenye nyumba wa kichochoro kimoja wakae na mjumbe, wapange nani anachangia nini kumleta mnyonyaji mwenye mashine ndogo inayopita. Mwezi Aprili, maji yakiwa magotini, umechelewa.

Faini nazipenda zikiwa na risiti. Moshi wanasifika kwa usafi, na mgeni huko huonywa mapema kuhusu faini ya kutupa taka, kwa hiyo anaishika chupa yake tangu anaposhuka basi. Mgambo anayekukimbiza sokoni halafu mkamalizana pembeni anafundisha kitu kingine kabisa. Kurekodi watu kwa simu na kuwaanika mitandaoni sikupendi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na sheria tukiiweka pembeni, aliyeanikwa hupata watetezi kuliko walaumu, kama yule wa daladala.

Mlevi mwache. Kundi la vijana usiku liache. Dereva wa gari binafsi aliyerusha kopo kwenye mwendo usimfukuze kwa pikipiki, nimewahi kusikia mtu akijivunia hilo.

Linabaki lile jibu ambalo kila anayekemea hukutana nalo: "Manispaa wanalipwa wafagie." Usibishane, maana ni kweli wanalipwa, na wale kina mama wenye fagio za chelewa wapo barabarani kabla hujaamka. Mweleze tu mpaka wa kazi yao. Wanafagia lami na ukingo wake. Kilichoingia mtaroni hawakifikii. Kinasubiri kuzibuliwa mitaro, na huko nako kunasubiri bajeti. Katika kusubiri, kizibo kilicholala chali kikikinga maji ya mvua kinamtosha mbu wa dengi, yule anayeuma mchana. Mayai yake huvumilia ukavu kwa miezi, maji yakirudi yanaanguliwa, na baada ya wiki moja hivi mbu yuko hewani. Mwaka 2019 Dar es Salaam iliugua dengi hivyo hivyo, na wagonjwa walitoka mitaa iliyofagiliwa vizuri na isiyofagiliwa.