Dainosa hawakuisha wote, wengine wako pale Nyayo juu ya miti

Kila nikipita raundabauti ya Nyayo, Nairobi, na matatu lazima niangalie juu kwa ile miti ya miiba, wale marabou wamesimama kwa viota vyao, kichwa kipara, mfuko unaning'inia shingoni, na hakosi mtu kwa gari wa kusema aki hawa ndege ni wabaya. Mimi nawapenda sana. Tangu niko darasa la tatu, tulipelekwa Museum nikabaki kwa ule ukumbi wa ndege waliokaushwa mpaka mwalimu akarudi kunitafuta, na sasa niko na miaka arobaini na bado akili yangu iko huko huko. Kwa hivyo wacha niseme vitu nasikia kila siku na si vya kweli.

Kwanza, ati dainosa waliisha wote. Hapana. Ni kweli miaka milioni 66 iliyopita kimondo kikubwa kiligonga Meksiko na wengi wakaangamia, lakini kufikia hapo ukoo mmoja wa dainosa wa kutembea na miguu miwili, ukoo wa akina T. rex, ulikuwa ushazaa ndege kitambo, na ndege wachache wakapona. Yaani ndege hawafanani tu na dainosa, ni dainosa, vile popo ni mnyama wa kunyonyesha hata kama anaruka. Mwaka 1861 huko Ujerumani walipata kisukuku (mabaki yaliyogeuka jiwe) cha ndege wa kale, Archaeopteryx, miaka kama milioni 150, ako na manyoya ya bawa kabisa lakini mdomoni ni meno, mkia ni mrefu wa mifupa na kwa bawa kuna kucha tatu.

Na si lazima uende Ujerumani. Ukinunua kuku mzima soko la Burma usikimbilie kutupa miguu, angalia magamba yake, angalia vile vidole vitatu vya mbele na kucha, halafu ukishakula kifua tafuta kale kamfupa ka umbo la V karibu na shingo, T. rex alikuwa nako pia. Mathe alinigombeza miaka mingi juu ya kupanga mifupa kwa sahani badala ya kuosha vyombo, siku nilimweleza sababu akanyamaza kidogo akasema, kumbe Krismasi tunachinja dainosa. Ndio mathe, ndivyo ilivyo.

Pili, ati manyoya yalikuja ili ndege aruke. Mwaka 1996 China ilitangaza Sinosauropteryx, kadainosa kadogo kenye mikono mifupi hakangeruka popote, na mwili umefunikwa manyoya laini kama ya kifaranga. Manyoya yalikuweko kwanza, labda kwa joto ama kwa kujionyesha, kuruka kukaja baadaye kukayakuta.

Hii nyingine inaniuma kabisa. Miaka ya 1920 huko jangwa la Gobi, Mongolia, walipata dainosa juu ya kiota cha mayai, wakaamua mayai ni ya mwingine na huyu alikuwa anaiba, mwaka 1924 wakampa jina Oviraptor, maana yake mwizi wa mayai. Kisha miaka ya 1990 wakapata yai la aina ile ile likiwa na kitoto ndani, na kitoto ni cha jamii yake! Halafu wakapata jamaa zake wengine wamelala juu ya mayai, mikono imezungushwa kiota, vile kuku hufanya na mabawa. Miaka sabini mzazi anaitwa mwizi, na jina halijawahi kubadilishwa.

Ile ya "kama tulitoka kwa nyani mbona nyani bado wako" haichukui muda. Wewe na binamu yako mna shosho mmoja, hakuna aliyemzaa mwenzake. Sisi na sokwe shosho wetu aliishi miaka kama milioni 6 ama 7 iliyopita.

Na hakuna mnyama humea kitu mwilini ati kwa sababu anakihitaji. Mwaka 1977 kwa kisiwa cha Daphne Major, kwa visiwa vya Galápagos huko Amerika Kusini, mvua ilikataa, mbegu ndogo zikaisha zikabaki kubwa ngumu, ndege wenye midomo midogo wakafa kwa wingi, na watoto wa waliobaki wakazaliwa na midomo minene zaidi. Hakuna ndege hata mmoja alinenepesha mdomo wake mwenyewe. Wanasayansi Peter na Rosemary Grant walikuwa wanapima midomo hiyo moja moja, kwa hivyo hata ile ya ati mageuzi ya viumbe (evolution) hayawezi kuonekana na macho pia si kweli.

Juzi tena pale Nyayo, jam imekataa kusonga, makanga akaniuliza, buda unaangalia nini huko juu kila siku. Nikamwambia dainosa. Akatoa kichwa kwa mlango, marabou mmoja akafungua mabawa yake yote polepole, na jamaa akabaki hapo amening'inia akiangalia mpaka magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.