Hatusafishi figo, tunasafisha damu

Jumatatu asubuhi, hata glavu sijavaa, mjomba wa mgonjwa mmoja kaniita pembeni. Familia imeshakaa kikao, imekubaliana kijana wao asianze mashine. "Sista, tunaomba mtupe dawa nyingine. Mashine ukianza hutoki. Jirani yetu alianza mwezi wa tatu, wa nne tukamzika."

Nina miaka 11 kwenye kitengo cha dayalisisi, yaani kusafisha damu ya mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi. Maneno hayo nimeyasikia kwa wakulima na kwa wahadhiri, na wiki hii peke yake mara nne. Ndiyo maana nguo ziko kwenye beseni na mimi niko hapa naandika.

Tuanze na jina, maana nusu ya balaa imo humo. Watu wanasema "kusafisha figo". Hakuna anayesafisha figo. Figo zilizokufa zinabaki humohumo mgongoni kama zilivyo. Kinachosafishwa ni damu. Mtu akiamini figo zake zimesafishwa, anategemea zitakate na kupona, kama kabureta. Anafanya vipindi vitatu, kreatinini, taka ya mwili tunayoipima kwenye damu, iliyokuwa 1,400 inashuka hadi 500, ndugu wanashangilia, wanambeba wanarudi naye kijijini. Wiki mbili baadaye analetwa usiku anahema, mapafu yamejaa maji. Kreatinini ilishuka kwa sababu tuliitoa sisi. Paa linavuja, umekinga ndoo, ndoo ikijaa unamwaga. Kumwaga ndoo si kuziba paa.

Na yule jirani wa mwezi wa tatu? Alikuja lini? Nitakubashiria bila kuona faili lake: alikuja akiwa amevimba uso, anatapika, anasinzia katikati ya mazungumzo, baada ya miezi ya mizizi na maombi. Zimamoto wanaitwa nyumba imebaki kuta, halafu mtaa mzima unasema gari lile likifika mahali lazima nyumba iungue.

Hilo la "hutoki" nalo lina pande mbili. Figo zikishtuka ghafla, kwa malaria kali, kwa mama aliyetoka damu nyingi wakati wa kujifungua, kwa mtu aliyeharisha hadi akakauka, mara nyingi tunazishikilia kwa mashine wiki kadhaa, zinaamka, mtu anakwenda zake. Nimewaaga wengi mlangoni. Lakini figo zilizoliwa na sukari au presha kwa miaka 15 haziamki. Huyo hatoki kwenye mashine kwa sababu figo hazipo, si kwa sababu mashine imemng'ang'ania.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wenzangu hawapendi niliseme mbele ya wagonjwa.

Kuna mzee mmoja, fundi cherehani mstaafu, miezi miwili baada ya kuanza aliniambia: "Sista, mimi naona hii mashine inazidekeza figo. Kabla sijaja hapa nilikuwa nakojoa kopo zima. Sasa hivi kikombe." Nilitaka kumjibu kwa mkato kama ninavyowajibu wengine. Nikajizuia, kwa sababu mzee alikuwa na hoja. Mkojo uliobaki kweli hupungua kasi zaidi mtu akianza dayalisisi ya damu. Si kudeka. Ndani ya saa nne tunamtoa lita mbili au tatu za maji, presha inashuka, na zile chembe chache za figo zilizokuwa bado zinahangaika zinakosa damu ya kutosha. Kila presha inapoporomoka kitini, zinaumia kidogo. Mkojo huo mdogo una thamani kubwa kuliko unavyoonekana: mashine inafanya kazi saa 12 kati ya saa 168 za wiki, figo mbovu inayotoa nusu lita kwa siku haipumziki hata ukilala. Wenye mkojo huishi vizuri zaidi, wanakunywa maji kwa uhuru zaidi, na wengi wetu tunaamini wanaishi muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo swali la "nianze lini" si la kijinga hata kidogo. Zamani tulifundishwa kuwahi: ukiona uwezo wa figo kuchuja damu umeshuka chini ya mililita 15 kwa dakika, mpandishe mashine. Mwaka 2010 yakatoka matokeo ya utafiti wa Australia na New Zealand, watu 828, nusu waanze mapema, uwezo ukiwa 10 hadi 14, nusu wasubiri hadi 5 hadi 7. Waliosubiri walipata kama nusu mwaka wa ziada bila mashine, na vifo havikutofautiana. Ndugu wanaosema "tusubiri kidogo" wakisikia hivyo watanirukia. Taratibu. Wale walisubiri kliniki, wanapimwa damu, na wengi wao walianza kabla ya kufika kiwango kilichopangwa kwa sababu dalili ziliwahi. Kusubiri huku daktari anakuona, na kusubiri nyumbani na chupa ya soda yenye majani yaliyochemshwa, ni mambo mawili.

Chupa hiyo isije ikawa na madafu. Sijui nani alieneza kwamba madafu "yanasafisha figo". Kwa mwenye figo nzima, kunywa, raha mustarehe. Asiye na figo, madafu ni potasiamu tupu, madini ambayo figo mbovu haziwezi kuyatoa na yakizidi yanavuruga moyo. Dada mmoja alikunywa matatu Jumapili, kwenye sherehe huko pwani, kwa kushauriwa na shangazi yake mwenye nia njema. Jumatatu hakuweza kunyanyua mguu kupanda kitandani, na karatasi ya kipimo cha moyo ilikuwa na vilele vimechongoka kama mahema. Tulimwahi. Shangazi bado anauliza kwa nini tunawanyima wagonjwa vitu vya asili.

Basi zipo njia zipi? Mashine mnaijua, na hapana, hainywi damu. Inayokuwa nje ya mwili kwa wakati mmoja ni kama glasi moja. Ipo dayalisisi ya tumbo: mrija unawekwa tumboni, unaingiza maji maalumu kama lita mbili, unayaacha saa kadhaa, unamwaga, unaweka mengine, kawaida mara nne kwa siku, nyumbani kwako. Huo mkojo wa mzee wangu hudumu zaidi kwa njia hii. Hong Kong wameifanya iwe chaguo la kwanza tangu 1985. Kwetu shida ni mifuko ya maji hayo, bei yake, na sehemu safi ya kubadilishia. Mikono ikiwa michafu, vijidudu vinaingia tumboni na kufanya usaha.

Ipi inaongeza siku nyingi zaidi? Hapa vitabu vina majedwali mazuri. Ukweli ni kwamba waliotaka kuamua kwa haki, kwa kuwagawa wagonjwa kwa kura, walikwama. Uholanzi walijaribu: kati ya wagonjwa 773 waliofaa, 735 walikataa kupangiwa kwa kura, wakabaki 38. Nani atakubali maisha yake yaamuliwe kwa kurusha shilingi? Siwalaumu. Lakini ina maana kwamba mtaalamu akikuambia kwa kujiamini njia hii inampita mwenzake kwa siku za kuishi, mwulize anatoa wapi. Mimi huwauliza: unakaa umbali gani, nani yuko nyumbani, unafanya kazi gani, bado unakojoa?

Kupandikiza figo ya mtu mwingine kunashinda njia zote mbili kwa anayefaa, hilo silibishi. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, walifanya kwa mara ya kwanza Novemba 2017. Kabla ya hapo safari ilikuwa India. Ninachobisha ni neno "kupona". Figo ya ndugu inataka vidonge kila siku, saa ileile, hadi mwisho. Ukiruka kwa sababu "najisikia vizuri", mwili unaikataa. Kijana mmoja alirudi kitini kwangu mwaka wa pili, figo ya dada yake imekufa. Hakunitazama usoni kwa mwezi mzima.

Na kuna kutofanya chochote kati ya haya. Mzee wa miaka 80 na zaidi, moyo umechoka, hatembei: kwake mashine inaweza isiongeze kitu zaidi ya siku za hospitali. Kutibu kichefuchefu, muwasho na pumzi, akae na wajukuu, hiyo pia ni tiba. Tatizo letu ni kwamba tunaisema kwa kunong'ona, na familia inasikia "wamemkatia tamaa".

Kidokezo kwa wenzangu kabla sijasahau: mkimwambia mama anahitaji fistula, malizieni sentensi. Mmoja alilia dakika 20, akidhani tunamsema ana ule ugonjwa wa kuvuja mkojo baada ya uzazi. Tulikuwa tunataka kuunganisha mishipa ya mkono wake tu.

Fundi cherehani bado yuko nasi. Tulipunguza maji tunayomtoa kwa kipindi, daktari akamfutia diklofenaki ya magoti, dawa ya maumivu inayoumiza figo, aliyokuwa ananunua kimyakimya, na anakuja mara mbili kwa wiki badala ya tatu. Mbili zinatosha? Kwa anayekojoa, huenda. Kwa asiyekojoa, mara nyingi tunafanya mbili kwa sababu ya hela, na tusijidanganye kwamba ni sayansi. Kila mwezi analeta mkojo wa saa 24 kwenye dumu, amelifunga kwa kanga ya mkewe ili kwenye daladala wadhani ni mafuta ya alizeti. Mwezi uliopita, mililita 650. Alinikabidhi kwa mikono miwili.