Mtoto wa mbwa mwoga: mtulize kwanza, choo kitafuata

Mama mmoja wa Shangani, hapa Mtwara mjini, alituletea mtoto wa mbwa wa miezi miwili ndani ya beseni. "Daktari, huyu ananikojolea makusudi. Nikimwinamia tu, anakojoa."

Nilipomweka mezani alijikunyata, mkia kaufyata hadi tumboni, masikio kayalaza nyuma, na mkojo ukamtoka pale pale. Makusudi hayakuwapo. Siku nne nyuma alitolewa kwa mama yake kule Newala, akatiwa kwenye kiroba na kusafirishwa chini ya kiti cha basi. Kwa mbwa, kukojoa namna ile ni kuomba asidhuriwe. Ukimpiga, kesho ataomba zaidi.

Ndiyo maana sisi wa huduma za mifugo tunasisitiza hofu ishughulikiwe kabla ya choo. Wengi huanza na choo, tena kwa fimbo, au kwa kumsugua pua kwenye uchafu wake. Funzo analolipata ni moja tu: kukojoa mbele ya mtu ni hatari. Ukimtoa nje atajizuia, ukigeuka atakwenda kumalizia nyuma ya mapipa ya maji.

Kinachomtuliza ni mahali padogo pa kujificha, yaani kizimba. Seremala wa mtaani anaweza kukitengeneza kwa mbao na wavu. Kiwe cha kumtosha kusimama, kugeuka na kulala kanyoosha miguu, basi. Kikizidi hapo atalala upande huu na kukojoa ule, kwa hiyo kama umetengeneza kikubwa ili kimfae akikua, kigawe kwa ubao. Nyumba nyingi za Mtwara na Lindi haziingizi mbwa ndani kwa ajili ya twahara na sala, na hilo halina tatizo. Kizimba kikae barazani au uani penye kivuli na upepo. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, si kwa jasho, hivyo kumfungia mchana chini ya bati lililopata moto kunaweza kumuua. Wala asiwekwe kwenye stoo yenye salfa ya mikorosho. Vumbi lile huwasha macho na kifua.

Sasa mlango. Siku za mwanzo ufunge kwa kamba ukiwa wazi, usijirudishe wenyewe na kumshtua. Tandika kipande cha khanga kuukuu, na kama ulipata kitambaa chenye harufu ya mama yake, ni bora zaidi. Tupia dagaa mmoja mlangoni, wa pili ndani kidogo, wa tatu mwisho kabisa, kisha kaa kando usimsukume. Chakula chake chote akilie humo. Akizoea, rudishia mlango wakati anakula na ufungue kabla hajamaliza. Kesho ongeza dakika moja, keshokutwa mbili. Kizimba kisitumike kamwe kumwadhibu.

Usiku wa kwanza atalia, kwani hajawahi kulala peke yake. Mtu alale karibu, hata ng'ambo ya dirisha, asikie sauti. Tofautisha kilio na kilio: akinung'unika kidogo kisha akatulia, mwache. Akitokwa na udenda, akitafuna wavu au kujichubua pua, amepagawa. Mfungulie, na kesho rudi nyuma hatua mbili.

Kuhusu choo, kadiri hivi: umri wake kwa miezi, ongeza moja, ndiyo saa anazoweza kujizuia kwa wingi. Wa miezi miwili ni saa tatu, na hizo ni za usiku akiwa amelala; mchana ni chini ya hapo. Mtoe anapoamka, baada ya kula, baada ya kucheza na kabla ya kulala. Mpeleke pale pale kila mara, simama kimya, na akimaliza tu mpe kipande cha dagaa papo hapo. Ukisubiri mpaka mrudi barazani, atadhani amelipwa kwa kurudi.

Akikosea, safisha kwa maji na sabuni, kisha pitishia siki iliyochanganywa na maji, kwa sababu harufu ikibaki atarudia hapo hapo. Siki usiichanganye na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Hewa inayotoka ni sumu. Kinyesi kizoe na ukifukie mbali na mchanga wanaochezea watoto, maana kina mayai ya minyoo.

Akikojoa matone matone kwa kujikamua, au mkojo una damu, huo ni ugonjwa, mlete. Mlete pia apewe dawa ya minyoo na chanjo, ikiwemo ya kichaa cha mbwa afikapo miezi mitatu. Kabla ya hapo asichanganyike na mbwa wazururaji.

Yule wa Shangani alirudi kwa chanjo baada ya wiki tano. Mama alipochuchumaa pembeni yake badala ya kumwinamia, kama tulivyoelewana, alimnusa mkono, na meza yetu ikabaki kavu.