Rita Hayworth hakumalizwa na ulevi

Akitajwa Rita Hayworth, nyota wa filamu za noir (hadithi za uhalifu zenye giza na mashaka) kama Gilda ya 1946, hakosi mtu wa kusema alimalizwa na ulevi. Kunywa alikuwa anakunywa, hilo halifichiki. Ila kilichomtoa mbele ya kamera ni Alzaima, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu polepole.

Dalili zilikuwa wazi mapema. Katika filamu yake ya mwisho, iliyotoka 1972, hakuweza kushika maneno, ikabidi atajiwe mstari mmoja, aseme, kamera isimame, atajiwe mwingine. Kupiga tukio la dakika mbili kwa mtindo huo ni kazi ya kutwa. Januari 1976 alishuka ndege London nywele timutimu, hajielewi. Wapiga picha wakamwona, na habari ikaenea kuwa alikuwa chakari.

Kosa lilikuwa jepesi kufanyika: kupotewa na maneno, hasira za ghafla na mwendo wa kusitasita hufanana mno na ulevi, na wengi walidhani kusahau ni maradhi ya vikongwe. Yeye alikuwa na miaka 57 tu!

Ugonjwa ulikuja kujulikana hadharani 1981. Bintiye Yasmin Aga Khan ndiye aliyemtunza (ndiyo, ukoo uleule wa hospitali za Aga Khan za Nairobi na Dar es Salaam, Rita aliolewa na Aly Khan wa ukoo huo 1949). Rita alifariki New York tarehe 14 Mei 1987, akiwa na miaka 68.