Tunavyouchunguza ubongo unapokisia mawazo ya mtu

Mlaze mtu kwenye mashine ya MRI, mpe asome hadithi ya mtu aliyedanganyika, na sehemu kadhaa za ubongo wake zitaonekana kufanya kazi zaidi. Hapo bado hujajua lolote kuhusu jinsi ubongo unavyokisia mawazo ya mtu huyo. Pengine ni kule kusoma tu, au kumfikiria binadamu yeyote, au kukumbuka kitu kilichokwisha kubadilika. Wanafunzi wanaokuja maabara huvutiwa na mashine. Mimi huwauliza kwanza, mnalinganisha na nini?

Watafiti wa ubongo Rebecca Saxe na Nancy Kanwisher walilijibu swali hilo vizuri mwaka 2003. Hadithi zao nyingine zilihusu mtu anayeamini jambo lisilo kweli. Nyingine zilihusu picha: tufaha limepigwa picha likining'inia mtini, na filamu ikiwa bado inasafishwa, upepo unaliangusha. Picha ikitoka itaonyesha tufaha liko wapi? Hadithi zote zinadai ushike habari iliyopitwa na wakati, ila moja imo kichwani mwa mtu, nyingine kwenye karatasi. Eneo lililo nyuma na juu kidogo ya sikio liliitikia zaidi hadithi za imani. Maelezo ya sura na mavazi ya watu hayakuliamsha hivyo, kwa hiyo kutajwa kwa binadamu peke yake hakutoshi.

Ubishi kama eneo hilo ni la kukisia mawazo tu haukuisha. Mwaka 2008 mtafiti Jason Mitchell alionyesha kwamba eneo hilo la upande wa kulia huitikia pia mtu anapolazimika kuhamisha macho ya akili ghafla: mshale unamwelekeza kushoto, alama inatokea kulia. Mimi naona pingamizi hilo ni zito, na picha za MRI peke yake haziwezi kulimaliza. Mashine hupima oksijeni katika damu, ambayo huchelewa sekunde kadhaa nyuma ya seli zenyewe, na haisemi kama eneo hilo linahitajika kweli.

Ndiyo sababu nauthamini zaidi utafiti wa Liane Young na wenzake wa mwaka 2010. Waliliingilia eneo la kulia kwa mipigo ya sumaku kutoka nje ya fuvu, kisha wakawauliza watu kuhusu visa kama hiki: mwanamke anamtilia rafiki yake unga kwenye kahawa akidhani ni sumu, kumbe ni sukari. Wakilinganishwa na pale sumaku ilipoelekezwa sehemu nyingine ya kichwa, watu walimhukumu kwa ukali mdogo zaidi. Nia yake ilipungua uzito. Uzito wa kikombe kisicho na madhara ukaongezeka.