Fahirisi ya maendeleo ya binadamu: nchi hulinganishwaje?

Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliiingiza Tanzania katika kundi la nchi za uchumi wa kati. Dira ya Taifa ilikuwa imepanga tufike huko mwaka 2025, kwa hiyo shangwe ilikuwa kubwa. Desemba ya mwaka huohuo, UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, likatoa ripoti yake: Tanzania ilikuwa ya 163 kati ya nchi 189, katika kundi la maendeleo ya chini ya binadamu. Wengi waliuliza nani kati yao anadanganya. Hakuna aliyedanganya, kila mmoja alipima kitu chake.

Benki ya Dunia hupima kipato peke yake. Huchukua pato la taifa la mwaka mzima, hulibadilisha kuwa dola, kisha huligawa kwa idadi ya watu. Kwa Tanzania jibu la mwaka 2019 lilikuwa dola 1,080 kwa kila mtu, na mpaka wa kuvuka ulikuwa dola 1,036. Tulivuka kwa dola 44. Tena jina kamili la kundi hilo ni uchumi wa kati wa chini, ingawa hilo neno la mwisho lilidondoka mapema midomoni mwa watu.

Hesabu hiyo ina kazi yake, lakini yapo isiyoyaona. Mpishi wa hotelini anaingia katika pato la taifa. Mama anayepika nyumbani, analea na kumuuguza mkwewe, haingii. Halafu pato lenyewe hutegemea mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao watakwimu wanautumia kama msingi wa kulinganisha bei na kuamua shughuli zipi zina uzito gani. Septemba 2014 Kenya iliuhamisha mwaka wake wa kizio kutoka 2001 hadi 2009, na uchumi wake ukaonekana mkubwa zaidi kwa asilimia 25. Hakuna ng'ombe aliyezaliwa usiku ule wala kiwanda kilichofunguliwa. Shughuli zilikuwapo siku zote, ila vitabu vya zamani havikuziona vizuri.

Kwa sababu ya mapungufu kama hayo, mwaka 1990 Mahbub ul Haq, mchumi wa Pakistan, akishirikiana na Amartya Sen wa India, alileta kipimo kingine kupitia UNDP: fahirisi ya maendeleo ya binadamu. Fahirisi ni namba moja inayobeba vipimo kadhaa kwa pamoja. Hii huanzia 0 na kuishia 1, na inauliza maswali matatu: mtu anatarajiwa kuishi miaka mingapi, amesoma kiasi gani, na kipato chake kinamtosheleza kununua nini.

Chukua Tanzania ya mwaka 2019. Umri wa kuishi ulikuwa miaka 65.5. Kipimo cha umri huanzia miaka 20 na kufika 85, hivyo tulikuwa tumepanda miaka 45.5 kati ya 65 iliyopo, sawa na 0.70. Kwenye elimu, mtu mzima alikuwa na wastani wa miaka 6.1 ya shule kati ya 15 inayolengwa, na mtoto anayeanza masomo alitarajiwa kupata 8.1 kati ya 18. Wastani wa hivyo viwili ni 0.43. Kipato nacho kilitoa 0.49, baada ya dola kurekebishwa kulingana na bei za hapa, maana dola moja inanunua chakula kingi zaidi Morogoro kuliko New York. Matokeo ya safari hiyo yalikuwa 0.529. Afya ilikuwa inatubeba, elimu ndiyo iliyotuvuta chini, jambo ambalo zile dola 1,080 zisingeweza kukuambia.

Tangu mwaka 2010 namba hizo tatu hazijumlishwi, zinazidishwa, kisha hutafutwa kipeuo cha tatu cha jibu, yaani namba ambayo ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara tatu (kama 2 × 2 × 2) hutoa jibu hilo. Naona huu ndio uamuzi wa busara kuliko yote katika kipimo hiki, kwa sababu unaizuia fedha isifunike shimo la shule au la zahanati. Guinea ya Ikweta, yenye mafuta, mwaka 2019 ilikuwa na kipato cha mtu mmoja kama mara tatu ya kile cha Kenya. Kwenye fahirisi, Kenya ilishika nafasi ya 143 na Guinea ya Ikweta ya 145.

Hata hivyo, fahirisi nayo ni wastani. Mtoto wa Masaki, mtaa wa matajiri jijini Dar es Salaam, na mtoto wa kijiji kisicho na barabara wanachanganywa katika namba moja, ndiyo maana mwaka huohuo wa 2010 ilianza kutolewa fahirisi ya pili inayokata alama kulingana na ukubwa wa tofauti kati ya wananchi. Nchi yenye pengo kubwa hushuka.

Kinachonisumbua zaidi ni elimu. Kipimo kinahesabu miaka ambayo mtoto amekaa shuleni. Aliyesoma miaka saba katika darasa la watoto 100 wanaogombania kitabu kimoja, na aliyesoma miaka saba katika darasa la 30 kila mmoja na kitabu chake, wote wanaandikwa 7.