Kilatini kwa anayeanza: mwisho wa neno ndio wenye habari

Kila dhana hapa chini ni kosa la kawaida la wanaoanza; maelezo yanayoifuata ndiyo sahihisho.

Dhana: Soma kutoka kushoto, neno baada ya neno.
Ukipindua "msichana anampenda mkulima", anayependa amebadilika. Kilatini hakina shida hiyo. *Puella agricolam amat* na *agricolam puella amat* ni habari ileile, kwa kuwa -m ya *agricolam* inamtaja mtendwa popote akaapo. Andika *puellam agricola amat*, na sasa mkulima ndiye mwenye mapenzi.

Kwa hiyo anza na kitenzi, ambacho mara nyingi kiko mwisho: -t ni mtendaji mmoja, -nt ni wengi. Kisha tafuta nomino inayolingana nacho, mtendwa baadaye. Utaratibu huu unakuokoa kwenye *puellae*, umbo moja lenye kazi nne. *Puellae cantant* ni "wasichana wanaimba"; lakini kitenzi kikiwa *cantat*, *puellae* hawezi kuwa mwimbaji. Hapo huwa ni "wa msichana" au "kwa msichana".

Dhana: Kivumishi humaliziwa kwa herufi zilezile za nomino.
*Puella bona* "msichana mwema", *servus bonus* "mtumwa mwema": mpaka hapo sawa. Halafu mtu anaandika *agricola bona*. Ni *agricola bonus*, maana mkulima huyu ni wa jinsia ya kiume hata akiishia na -a. Mswahili asishangae: nani husema "kiongozi kizuri"? Upande wa pili wapo akina *pinus*, sura ya kiume, jinsia ya kike, kama miti mingi ya Kilatini. Ndiyo maana msonobari uliojaa Sao Hill, Mufindi, ni *Pinus patula*, si *patulus*.

Dhana: Msamiati ni neno na maana yake.
Ukikariri *rex* "mfalme" peke yake, kesho utaandika *rexem*. Shina limo kwenye umbo la umilikishi: *rex, regis*, basi *regem*. Vivyo hivyo *corpus, corporis* "mwili" na *iter, itineris* "safari". Kadi yako ya kukariria nomino iwe na umbo hilo pamoja na jinsia. Ya kitenzi iwe na maumbo manne, mfano *ago, agere, egi, actum* "kutenda", ambayo hayabahatishiki. Maneno manane ya namna hii kwa siku yanatosha.

Dhana: Vitenzi ni vigeni kabisa.
A-ta-penda ni *ama-bi-t*: vipande vilevile, vimepangwa kinyume. Ila -bi- hutumika kwenye makundi mawili ya kwanza tu kati ya manne ya vitenzi. Katika kundi la tatu *regit* ni "anatawala" na *reget* ni "atatawala", irabu moja tu, na hapo ndipo wengi huteleza.

Dhana: Matamshi sahihi ni ya kanisani pekee.
Kanisani *pacem* "amani" hutamkwa "pachem". Warumi wa kale walisema "pakem", kwani c yao ilikuwa k daima. Chagua moja, usichanganye.